Jiwe la Mzee wa Bembea

Wengine wakikumbuka wazee wao huanza na sifa. Mimi nikimkumbuka Mzee wa Bembea naanza na kukereka, na sioni haya kusema hivyo. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, sasa naitwa bibi, lakini nikipita pale kiwanja cha kanisa kinapoishia kwenye mchanga wa ziwa, roho bado inanipanda. Kitu nilichokitaka utotoni kilikuwa kimoja tu, na yeye ndiye aliyeninyima. Alininyima kila Jumapili, kwa maneno yaleyale, kiganja chake kikiwa kimenikandamiza utosini.

Kitu chenyewe kilikuwa bembea ya kuzunguka. Mapadre waliiita manège, na sisi tukaiita vilevile, kila mtoto akilivunja neno hilo kwa namna yake. Mzee alikuwa fundi wa mitumbwi. Alichimbia kiwanjani chuma cha magurudumu cha lori lililokufa, akakisimamisha wima, juu yake akafunga mbao nne zilizotanda kama mikono, na mwisho wa kila mbao akaning'iniza kwa minyororo mtumbwi mdogo wa kukaa watoto wawili, wenye kamba ya kujishikia. Vijana wenye nguvu walisukuma zile mbao wakikimbia, mitumbwi ikainuka, ikatoka nje, ikapaa. Aliyekaa ndani aliona ziwa, halafu milima, halafu mnara wa kanisa, halafu ziwa tena. Nasema hivi kwa sababu niliambiwa.

Kulipia haikuwa shida. Alipokea yai, muhogo, konzi ya ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, chochote ulichokuwa nacho. Shida ilikuwa fimbo. Ilikuwa fimbo ndefu ya mti mgumu, nayo ilikuwa na mkato mmoja ambao ulimfikia yeye kwenye kwapa, na alikuwa mtu mrefu. Ukisimama kando ya fimbo, kichwa chako kikifika kwenye mkato, unapanda. Kisipofika, unakwenda nyuma ya kamba, pamoja na wafupi wenzako, mnatazama.

Kaka yangu alipanda. Alirefuka kama mahindi ya Mutarule baada ya mvua, na kila Jumapili alipita juu ya kichwa changu akipiga kelele, akinionyesha ulimi. Mimi nilifuata ufupi wa upande wa mama, ambako wanawake wote huning'inia kwenye vyungu vyao wenyewe wakitaka kuona kilichomo ndani.

Usidhani tulikaa tu. Tulijaribu yote. Wasichana tulisukwa nywele kwa uzi, zikasimama juu kama miiba, lakini Mzee aliweka kiganja, akazilaza zote. "Nywele haishikake kamba," alisema. Kiganja hicho kilinuka ile gundi ya miti aliyozibia nyufa za mitumbwi, na harufu ilibaki kichwani hadi Jumanne. Mmoja wetu alijaza majani ya migomba ndani ya viatu vya baba yake. Mzee akasema, "Vua viatu." Tangu siku hiyo kila mtoto alivua viatu, hata wale ambao hawakuwa na viatu waliambiwa wavue, kwa sababu alishazoea kusema.

Hila yetu kubwa ilikuwa mchanga. Tuligundua kwamba fimbo inasimama penye mchanga laini, basi kabla ya misa tulichimba pale pa kusimamishia fimbo, tukafukia kijuujuu. Fimbo ikazama, watoto wengi wakafika. Jumapili moja nzima wafupi walipaa, ila mimi, kwa sababu mama alikuwa amenipeleka kwa shangazi, kule Nyakabere. Niliporudi, Mzee alikuwa ameshagundua. Alikwenda mto Mulongwe akabeba jiwe bapa, nene, zito, akaliweka kando ya bembea. Kuanzia hapo fimbo ilisimama juu ya jiwe, na mtoto alisimama juu ya jiwe hilohilo, kando ya fimbo, na hakukuwa na la kuchimba tena. Nililichukia lile jiwe kuliko nilivyomchukia shetani wa katekisimu.

Kwa nini masharti yote hayo? Ukimuuliza hakueleza, alionyesha. Alichukua kigunia cha muhogo, akakikalisha ndani ya mtumbwi, akafunga ile kamba ya kujishikia, akaamuru vijana wasukume. Mtumbwi ulipopaa kigunia kiliteleza chini ya kamba, kikaruka, kikapasukia mchangani, mbuzi wakaja mbio. "Umeona weye mwenyewe?" aliuliza. Tulikuwa tumeona. Lakini mimi si muhogo, na nilimwambia hivyo, na yeye akanijibu jibu lake la kila siku: "Enda ukule, utarudia."

Enda ukule, utarudia! Nilikula. Nilikula ugali mpaka mama akasema nitamfilisi. Nilirudia. Kiganja kikashuka. "Bado."

Na ungeona maisha yake mwenyewe! Mtu huyu aliyempima mtoto mpaka unene wa kidole hakuwahi kupima ubao hata siku moja. Alikata kwa macho tu, jicho moja likiwa limefumbwa, na mitumbwi yake yote ilivuta kushoto. Hakuna mvuvi wa Uvira wa miaka ile ambaye hakumtukana akiwa majini. Walimrudishia mitumbwi, wakagomba, yeye akasikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia wapige kasia zaidi upande wa pili. Mlango wa nyumba yake haukufungika. Shati lake lilifungwa vifungo vibaya, upande mmoja ukining'inia. Tena alikuwa anaogopa maji. Alijenga mitumbwi maisha yake yote, na sijawahi kumwona akiingia ziwani kupita magoti. Bembea yake hakuipanda kamwe, alisema kichwa kingemzunguka.

Mama yangu naye alijaribu. Alitengeneza ndagala kwa mafuta ya mawese na pilipili, akafunika sahani kwa kitambaa kizuri, akanishika mkono mpaka kwake.

"Papa," mama alisema, "huyu mutoto analia kila siku ya yenga, misa ikiisha. Umuonee huruma. Umupandishe hata mara moja tu, pole pole."

Mzee alikula akiwa amesimama, kama alivyokula siku zote. Alisifu chumvi. Alisifu pilipili. Alilamba vidole, akarudisha sahani kwa mikono miwili kwa heshima zote, kisha akasema, "Aksanti sana, mama. Mutoto ni mufupi." Ndagala walikwenda na mimi nikabaki. Mama alikasirika njia nzima, na mimi ndiye niliyesukumwa.

Halafu ukaja uhuru. Sisi watoto hatukuelewa mambo mengi, lakini tulielewa kwamba sheria za zamani zimekwisha, kwa kuwa wakubwa walikuwa wanasema hivyo barabarani mchana kutwa. Basi wafupi tulikutana, tukajipanga, tukaandamana kutoka sokoni hadi kwenye bembea, tukiimba, na matawi mikononi. Tulimchagua mmoja wetu aseme, mtoto wa mwalimu, aliyejua kusimama vizuri.

"Muzee," alisema, "siye tumepata uhuru. Fimbo ni ya bazungu. Hatutaki tena fimbo."

Mzee aliweka tezo chini. Alivua kofia yake. "Aksanti," alisema. "Minye pia nafurahi sana. Sasa, uhuru imewaongeza urefu? Kuya nipime." Akatupima wote, mmoja mmoja, kwa adabu ya siku kuu. Hakuna aliyeongezeka. Watu wazima waliokuwa wametufuata walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi sijawasamehe.

Sitakuwa muongo kwa hasira: hakupendelea. Baada ya uhuru alikuja mkubwa mmoja wa ofisi, na suti, na gari, na mtoto wake wa kiume amevaa soksi nyeupe. Mtoto alikuwa mfupi. Mkubwa akasema apandishwe. Mzee akasema asimame juu ya jiwe. Mkubwa akasema, "Unajua minye ni nani?" Mzee akasema, "Najua, chef. Weye umefika. Panda." Na yule mkubwa, mbele ya kanisa zima, alijikuta ameingizwa ndani ya mtumbwi na suti yake, magoti yakimgusa kidevu, anazungushwa, huku mtoto wake amesimama nasi nyuma ya kamba akipiga makofi. Habari hiyo ilisafiri. Madereva waliipeleka uwanda wote wa Ruzizi na kusini mwa ziwa: kule Uvira kuna mzee na fimbo yake, hata mkubwa hakumpindisha. Kwa muda tulimwonea fahari, mpaka Jumapili iliyofuata aliposema "Bado."

Nimeyasema haya yote ili uelewe siku ya maasi.

Mji ulikuwa umechukuliwa na waasi. Shule zilifungwa. Vijana wakubwa walikuwa wameshaondoka nao, au wamekimbilia milimani upande wa Mulenge, na waliobaki walikuwa wenye umri wa kaka yangu, ambao sauti zao zilikuwa bado hazijaamua. Kaka yangu alitaka bunduki. Alisema mezani, mbele ya mama, na mama akaacha kula. Jumapili ile watu walitoka kusali, wakawakuta wapiganaji wamezunguka kiwanja, majani vichwani. Baadhi yao walikuwa watoto. Kamanda wao alikuwa mgeni, mtu wa kusini, hakupandisha sauti.

"Tunatafuta vijana," alisema. "Batoto ba kulilia mama, hapana. Nimesikia muko na muzee wa fimbo, ule alikatalia mutoto wa mukubwa. Alete fimbo. Ule amefika, anakwenda na siye. Ule hajafika, abakie."

Mama zetu walielewa kabla yetu. Sikusikia mtu akilia, nilisikia tu vitambaa vikikazwa viunoni. Kila mtu pale alimjua Mzee. Hakuwahi kumpindishia mtu hata upana wa kidole, na wavulana wale wote walikuwa wamepaa kwenye bembea yake tangu zamani. Mama alinishika bega, kucha zikaniingia.

Mzee alikuja na fimbo. Aliisimamisha juu ya jiwe, kama siku zote. Kisha akamwita mvulana wa kwanza, na kwa kidevu akamwonyesha mahali pa kusimama: chini, kando ya jiwe, mchangani.

Watu wazima hawakuona kitu. Sisi watoto tuliona mara moja, maana lile jiwe tulilijua kuliko tulivyomjua babu. Mvulana alisimama, miguu ikazama, kiganja kikashuka kichwani kwake kizito kuliko kawaida. "Hajafika," Mzee alisema. Wa pili. "Hajafika." Wa tatu, ambaye alikuwa ameanza kuota ndevu. "Hajafika."

Halafu kaka yangu. Alikwenda kifua mbele. Alisimama, akapimwa, akaambiwa hajafika, na hapo akafanya kosa ambalo ni mtoto wa Uvira peke yake angeweza kulifanya, mtoto aliyekua akigombana na fimbo ile.

"Muzee!" alipiga kelele. "Fimbo iko juu ya jiwe! Minye niko chini mu muchanga! Kila siku ya yenga unanipandisha, leo njo sifike?"

Kamanda aliangalia jiwe. Aliangalia miguu ya kaka yangu. Alikuja karibu, polepole, na mama akaniachia bega.

Mzee hakupepesa macho. "Jiwe ni ya fimbo," alisema. "Mutoto anasimama chini. Ni vile tangu zamani. Uliza bale." Na akatuonyesha kwa kidevu, sisi wafupi, nyuma ya kamba.

Hebu fikiria. Katika mji mzima, mtu huyu alituchagua sisi tumtetee, sisi aliotutoa machozi kila Jumapili. Kamanda alikuja hadi kwenye kamba, akainama. Bunduki yake ilikuwa na urefu wangu. "Ni vile?" aliuliza. "Mutoto anasimama chini?"

Neno moja tu lingetosha kumlipa Mzee Jumapili zangu zote, na ningekuwa nasema kweli. Nilimtazama kaka yangu, na masikio yake yaliyokuwa yamewiva kwa hasira. Mdogo kuliko sisi wote, mwenye kamasi, ndiye aliyeanza kuitikia kwamba ndivyo: "Njo vile!" Kisha sote tukapokea, "Njo vile! Njo vile!" na mimi nikazidisha, bila kuulizwa, machozi yakinitoka kweli: "Huyu muzee ni mubaya! Ananikatalia kila siku! Nakula, narudia, anasema bado!"

Nadhani ni hayo machozi yaliyomshawishi. Hakuna mtoto angeweza kuigiza uchungu ule, nami sikuuigiza. Kamanda alinyooka, akacheka kidogo. "Muzee," alisema, "kwako hakuna muntu anafikaka." Akawaambia watu wake waondoke. Ila hakuondoka mikono mitupu. Gari lao lilikuwa limekufa barabarani, wakahitaji kitu cha kulivutia, basi wakafungua minyororo ya bembea yote. Mitumbwi minne ilianguka mchangani, mmoja ukapasuka.

Mzee aliwatazama wakienda na minyororo yake. Kisha akatugeukia na kusema, "Endeni mukule."

Bembea haikusimama tena. Wiki ileile mama alimvusha kaka yangu kwenda kwa ndugu zetu ng'ambo ya ziwa, Burundi, katika mtumbwi wa Mzee, uliovuta kushoto njia yote nusura uwatue kwenye mdomo wa Ruzizi penye viboko. Kaka alilihesabu hilo pia kuwa kosa la Mzee. Mitaa mingine, ambako hapakuwa na jiwe wala fimbo, wavulana walichukuliwa, na mama wengine walikaa mlangoni miaka wakitazama barabara. Kaka yangu alirudi vita vilipokwisha, mrefu, mwenye sharubu, na hakumsalimia Mzee. Akimwona, alivuka barabara. Watoto walikuwa wamembandika jina la Hajafika, na lilimfuata hadi kazini.

"Alikuokoa," nilimwambia mara nyingi.

"Najua," alinijibu kila mara. "Lakini nilikuwa nimefika."

Watu wawili wabishi katika mji mmoja, na mimi katikati! Nami nilikuwa na deni langu. Nilipokuwa msichana nikaona kwamba nimeupita ule mkato, nilikwenda kwa Mzee nikamwomba anipime, aseme tu kwa mdomo wake kwamba nimefika. Alikuwa anachonga. "Nikupime uende wapi?" aliuliza. "Manège hakuna." Nikaondoka nikiwa na hamu ya kulipiga teke lile jiwe, na kwa kweli nililipiga, nikachechemea siku kadhaa.

Mara ya mwisho nilikwenda na kaka. Tulikuwa watu wazima, mimi na nywele za kijivu. Nilisikia Mzee anaumwa, nikamwambia kaka kwamba safari hii atakuja hata nikimburuta. Alikuja, lakini alibaki kwenye ua, mikono kifuani, akitazama ziwa.

Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Mlango bado haukufungika. Shati bado lilikuwa limekosewa vifungo. Jiwe lilikuwa pale, limekuwa kipandio cha nyumba, na fimbo ilikuwa mkononi mwake, siku hizo ikiwa mkongojo wake. Alikuwa amepungua sana. Nilimsalimia, nikampa ndagala wa mama, kwa mapishi yaleyale, akala watatu, akasifu chumvi.

"Muzee," nilisema, "leo unipime. Manège siitaki. Nataka tu useme."

Alinitazama miguuni. "Vua viatu," alisema.

Nikavua. "Toa kitambaa." Nikatoa kitambaa cha kichwa. Alijiinua kwa kushika nguzo, akachukua fimbo, akaisimamisha juu ya jiwe. Kisha kwa kidevu akanionyesha mahali pa kusimama: chini, kando ya jiwe, pale maji ya paa yalipokuwa yamechimba mchanga.

Nilisimama. Kiganja kilinishukia utosini, chepesi, hakikukandamiza kitu. Bado kilinuka gundi.

"Bado," Mzee alisema. "Enda ukule, utarudia."

Damu ilinipanda. Mwanamke mzima, mama wa watoto, anasubiri maisha yake yote, na mtu huyu hata anapokaribia kufa anamdanganya mchana kweupe! Nikafungua mdomo. "Muzee, fimbo iko juu ya—"

Mkono ulinishika begani. Kaka yangu alikuwa ametoka uani, amesimama nyuma yangu.

"Njo vile," kaka alisema.

Mzee aliinua uso, akamtazama kuanzia miguuni, akapanda, akapanda, mpaka akafika kwenye zile sharubu. "Na huyu?" alijiuliza mwenyewe, akafikiri. "Huyu naye bado."

"Njo vile, Muzee," kaka alisema. "Bado."

Nilivaa viatu nikilia kwa hasira, na kaka yangu hakuniachia bega. Tulimuaga Mzee kwa mikono miwili, tukaenda kwangu, tukala.